Kilele cha Papa Gauthier

Jumapili, 2 Juni

Baridi kali. Misa ya kwanza. Nimevaa koti la harusi kwa sababu lile jingine lina tundu begani.

Padri wetu, Abbé Précieux, ametangaza mbele ya parokia nzima kwamba Jumapili ijayo, baada ya misa, Papa Gauthier ataonyesha picha za Kilimanjaro ukumbini na kueleza jinsi alivyopanda. Makofi! Kanisani! Mimi nimesali hapa Bel-Air, Lubumbashi, tangu ubatizo. Nilipaka rangi ukuta wa sakristia kwa mikono yangu. Sijapigiwa makofi hata siku moja.

Gauthier huyu ni nani? Muuza matairi. Mwaka jana kontena lake lilikwama bandarini Dar es Salaam. Akawa hana la kufanya. Akamchukua mdogo wake Djo, wakaenda Moshi, wakapanda mlima. Ndiyo hivyo tu. Watu waliokuwa wanasubiri matairi! Tangu arudi anaitwa Papa Kilimanjaro. Mimi nauza miwani mjini tangu nchi hii ilipokuwa na jina jingine. Naitwa Papa Miwani. Watoto wananiita hivyo wakikimbia.

Linaloniuma zaidi ni Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi Gauthier anatembeza kundi la watu kutoka hapa mtaani hadi kampasi ya Kasapa. Mke wangu Albertine hakosi. Daktari alimwambia sukari yake imepanda, atembee. Niliahidi kutembea naye. Ikaja mvua, kisha matope, kisha baridi. Gauthier hakuahidi kitu. Alipita getini na kumwita, na Albertine akatoka.

Nimefikiri wakati wote wa mahubiri. Nina mpango.

Jumatatu, 3 Juni

Mpango ni huu: nitaujua mlima kuliko aliyeupanda. Siku ya maonyesho nitauliza maswali. Maswali ya mtu msomi. Atakwama. Makofi yatahama.

Nimesoma dukani kutwa. Mteja mmoja ameondoka na miwani ya mwenzake. Simlaumu, nilimpa mwenyewe.

Mlima wa ajabu. Unaanza kwenye migomba na kahawa. Halafu msitu wenye ukungu. Halafu nyasi na vichaka, na mimea mikubwa inayofanana na kabichi, mirefu kuliko mtu. Halafu jangwa la mawe. Halafu barafu. Mtu anatoka kwenye joto la ikweta hadi kwenye baridi ya mwisho wa dunia bila kuuacha mlima ule ule. Na juu kabisa, katika shimo la volkano, bado panatoka harufu ya kiberiti. Haujafa. Umelala.

Nimesoma pia habari ya mmisionari mmoja Mjerumani wa karne ya kumi na tisa. Aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta. Wakubwa wa jiografia kule Ulaya wakamcheka. Walisema homa imemharibia macho. Huyo mtu alisema ukweli akachekwa kwa miaka! Nimemwonea huruma sana. Nimejiona mimi mwenyewe, ingawa sijaona theluji.

Jioni nimemweleza Albertine. Amesikiliza hadi mwisho. Kisha ameuliza kama kuna mahali pameandikwa kwamba hiyo barafu inaisha. Nimesema ndiyo, sehemu kubwa imeshayeyuka, na wataalamu wanasema huenda wajukuu wetu wataiona katika picha tu. Amesema basi heri Gauthier alikwenda mapema.

Gauthier tena! Nimelala bila kumaliza sahani yangu ya bukari.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua kasoro katika mpango. Nikiuliza maswali, mtu atasema: na wewe, Papa Miwani, umepanda wapi? Lazima niwe nimepanda kitu.

Lubumbashi ni tambarare. Mlima wetu ni ule mweusi wa takataka za shaba kando ya bomba la moshi, na huko hawaruhusu mtu kupanda. Nimekwenda Kasungami, pembeni mwa mji. Mama Ngosa, mteja wangu, ana shamba la mahindi lenye kichuguu kikubwa kuliko nyumba. Nimempigia hodi. Nimemweleza kwamba nafanya mazoezi ya milima mirefu. Amesema sawa, ila nisikanyage maboga.

Nilipanda upande wa mbele kwa magoti na viganja. Nilifika! Nikasimama juu. Ndipo nikaona kwamba upande wa nyuma hakuna kichuguu. Wafyatua matofali wamekikata chote kama mkate. Nikatazama chini. Miguu ikakataa. Haikwenda mbele wala nyuma.

Nimekaa pale juu muda mrefu. Mama Ngosa alikuja na jembe lake, akanitazama, akasema: "Papa Miwani, uko nangoja ndege?"

Lakini nitaandika jambo moja, kwa sababu hakuna atakayesoma hapa. Kutoka pale juu niliuona mji wote. Miti, mabati, vumbi jekundu, na kwa mbali lile bomba na ule mlima mweusi. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru la shaba hadi nywele zilipokwisha. Alikuwa anatuonyesha ule mlima na kusema kipande fulani ni chake. Kila jioni tulikuwa tunauona mrefu. Sasa wanaurudia, wanauchota, wanatafuta kilichobaki ndani, na umekuwa mfupi. Sikuwa nimeliona hilo nikiwa chini. Kumbe milima inapungua kila mahali. Nilitamani Albertine awepo nimweleze.

Kisha nimekaa kitako na kuteleza. Suruali imekwisha. Boga moja pia.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Ushindi!

Albertine alikuwa uani anapuliza makaa ya jiko la mbabula. Simu yake ilikuwa mezani. Nilitaka kuona tu kama picha ya Gauthier imo kwenye lile kundi lao la watembeaji. Imo. Gauthier na Djo wamesimama mbele ya bango la mbao, nyuma yao anga la rangi ya machungwa. Picha ambayo wote wanaiita ya kilele. Nimeituma kwangu. Nimefuta alama ya kwamba nimeituma.

Dukani nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Bega la Gauthier limeficha nusu ya bango. Lakini mtu wa miwani hafichwi kitu! Yale maandishi si Uhuru. Ni Stella. Stella ni mahali pa ukingoni mwa shimo, chini ya kilele. Watu wengi wanafika hapo wakiwa wamechoka, wanapiga picha. Kilele chenyewe bado kiko mbele, mwendo wa ukingoni, si mbali.

Papa Kilimanjaro hakufika juu ya Kilimanjaro!

Nimeimba peke yangu. Mteja amerudi nje.

Jumamosi, 8 Juni

Albertine ametoka asubuhi na kundi lake, amefunga kitambaa kichwani, anacheka na mtu barabarani. Nimekwenda kuchapisha ile picha, kubwa kama mlango wa kabati. Nimeikunja na kuificha nyuma ya kitanda.

Amerudi mchangamfu. Amesema amepimwa kituo cha afya na sukari imeshuka. Nimesema vizuri. Nilikuwa nafikiria swali langu. Liwe fupi, au lianze na historia?

Jumapili, 9 Juni

Sijui niandike vipi.

Ukumbi ulijaa. Waliokosa viti walisimama. Gauthier alionyesha picha ukutani, msitu, mawe, mahema, wabeba mizigo wenye mabegi kichwani. Hasemi vizuri. Anarudia maneno. Watu walimpenda hata hivyo. Ikaja ile picha ya bango. Makofi. Nikasimama.

Nilianza na historia. Abbé Précieux akaniomba niende kwenye swali. Basi nikakunjua karatasi yangu, nikaishika juu, nikauliza kwa heshima yote kama Papa Gauthier anaweza kuusomea mkutano yale maandishi yaliyo nyuma ya bega lake.

Kimya. Nilifurahi kile kimya. Kwa pumzi moja tu, lakini nilifurahi.

Gauthier hakukasirika. Aliitazama karatasi, akatikisa kichwa polepole. Akasema: "Iko kweli, Papa Désiré. Pale hapana kilele. Miye sikufika."

Kisha akaeleza. Walipofika pale ukingoni jua lilikuwa linatoka. Djo alikuwa anayumba kama mlevi, ametapika, kichwa kinampasuka. Mwongozaji alimuuliza jina la mama yake. Djo hakulijua. Mwongozaji akasema huyu ashuke sasa hivi, hewa ya juu imemwingia kichwani, akibaki atakufa. Na kilele kilikuwa kinaonekana. Gauthier alisema alikiona kwa macho yake, watu wadogo wadogo wamesimama juu yake.

Ningekaa kimya hapo, ningeokoka. Lakini karatasi ilikuwa bado mkononi, na swali la pili likanitoka lenyewe. Nilisema kwa kawaida kunakuwa na msaidizi wa mwongozaji. Kwa nini msaidizi asimshushe Djo, yeye akaendelea?

Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Njo vile balisema," akajibu. "Musaidizi amushushe, miye niende. Nikasema hapana. Ni mudogo wangu. Akifia mu njia na muntu hamujue, mama nitamuambia nini?"

Djo alikuwa nyuma, karibu na mlango. Akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye hakumbuki lolote, ila aliambiwa baadaye kwamba njia nzima alimwita mwongozaji tantine, yaani shangazi, na alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Watu wakacheka. Wengine wakafuta macho huku wakicheka. Gauthier naye akacheka kidogo. Kisha akasema hajawahi kumwambia mtu kwamba alifika juu. Alisema alipanda, watu wakamalizia wenyewe, naye akaacha kwa sababu ilikuwa inawafurahisha. Akasema hilo ni kosa lake, anaomba radhi. Kundi la Jumamosi litafute mtu mwingine. Wao walifuata mtu wa kilele, na yeye si huyo.

Akazima mashine ya picha. Watu wakatoka bila kunitazama.

Abbé Précieux alinisaidia kuikunja karatasi. Aliniambia, bila ukali, kwamba hata yule Mzungu anayesifiwa kufika wa kwanza, safari yake ya mwanzo alirudi kabla ya kilele. Nilisema najua, nimesoma. Akasema ndiyo, anaona kwamba nimesoma.

Jumatatu, 10 Juni

Albertine amepika. Amenipakulia. Ameuliza swali moja tu.

"Papa Christiane, ni telefone yangu njo ulikamata?"

Christiane ni binti yetu, yuko Kinshasa. Albertine ananiita hivyo siku zote, lakini leo jina hilo lilikuwa zito. Nilisema ndiyo. Simu yake sasa inakaa mfukoni mwa kitenge hata akipika.

Nimejitetea kwa maandishi kurasa mbili. Nimezichana. Hoja zilikuwa nzuri, lakini zote zilimhusu mtu mwingine.

Jumamosi, 15 Juni

Hakuna aliyepita getini.

Albertine alivaa viatu vyake vya kutembea. Akasimama kwenye geti na kitambaa chake. Akatazama barabara upande huu, kisha upande ule. Jirani akapita na ndoo. Mbwa akapita. Nilikuwa nyuma ya pazia, najifanya nasafisha dirisha. Akarudi, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani, akavua viatu, kimoja, kisha kingine. Akavipanga sawasawa ukutani kama viatu vya mgeni.

Nilitoka nikamwambia nitatembea naye mimi. Sasa hivi. Amesema asante, leo amechoka.

Hajachoka. Alikuwa hajaenda popote.

Nimekaa dukani bila kuwasha taa. Nimejiuliza mtu anakitaka nini kilele. Pale juu hakuna kitu. Nimesoma. Ni bango, upepo na mawe, na unashuka mara moja kabla kichwa hakijauma. Lakini mimi, kama ningekuwa pale, watu wadogo wadogo wanaonekana mbele, na Albertine anayumba kando yangu, ningefanya nini? Ningerudi. Bila shaka ningerudi! Nimeiandika kalamu ikiwa na haraka. Nimeisoma tena. Ningepiga picha kwanza.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwa Gauthier. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nimebeba miwani ya jua, nyeusi, kubwa, inayofunika hadi pembeni, ya kuzuia mng'aro wa theluji. Niliiagiza zamani kwa makosa.

Alikuwa amechuchumaa kati ya matairi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye sehemu tatu. Nilisema sehemu ya pili kwanza. Nikachanganyikiwa. Mwishowe nikasema tu kwamba Albertine anasimama getini na hakuna anayepita.

Akafuta mikono. Akaniuliza sukari yake ikoje. Hakuuliza kuhusu mimi. Nikasema sijui, tangu ile Jumapili hajanieleza habari zake.

Akakaa juu ya tairi, akanielekeza tairi jingine. Alisema lile jina la Papa Kilimanjaro lilikuwa linamchosha. Kila akiitwa, alikuwa anaiona njia ile ya ukingoni, nyepesi, haina hata mwinuko mkali, na yeye anaipa mgongo. Siku nyingine anajuta. Alilisema hilo kwa sauti ya chini kwa sababu Djo alikuwa ndani anahesabu vifuniko vya magurudumu. Anamtazama mdogo wake anakula, anagombana na wateja, anachelewa kazini, na bado kuna siku anajuta kidogo. Aliniuliza kama nadhani ni dhambi.

Mimi! Aliniuliza mimi!

Nilisema sidhani. Nilisema pengine kujuta ndiko kunakofanya kurudi kwake kuwe na maana, kwa sababu kama hakukitaka kilele, basi hakumpa Djo kitu. Sijui niliitoa wapi. Si kwenye kusoma. Gauthier alipokea zawadi yangu. Akavaa ile miwani. Imemkaa vibaya sana. Akasema: "Mama Albertine anafaa kutembea. Posho nitapita."

Posho ni Jumamosi. Nimerudi kwa miguu hadi nyumbani. Sikulitambua hilo hadi nilipofika.

Jumamosi, 22 Juni

Nimetembea hadi Kasapa!

Kundi lote lilikuja, hata wale waliokuwa wamekasirika. Djo alikuwa mbele anaimba. Gauthier alivaa miwani yangu. Hakuna aliyemwita Papa Kilimanjaro, na hakuna aliyeniita chochote. Nilistahili.

Mwanzo nilikwenda kasi nionekane. Tulipopita nyumba za mwisho mbavu zilianza kunichoma. Nikabaki nyuma. Nikabaki nyuma zaidi. Nilisikia hatua zinapungua mbele yangu, nikainua uso, nikamwona Albertine amesimama ananingoja. Aligeuka tu tulipokuwa sawa, akaanza kutembea kwa mwendo wangu, ambao ulikuwa mwendo wa kobe.

Baadaye alinieleza kuhusu vipimo. Sukari ilipanda tena kidogo wiki ile. Itashuka, alisema. Nilimweleza kuhusu kichuguu cha Kasungami, na ule mlima mweusi unaopungua, na baba. Hakuwa amejua kwamba baba alikuwa na kipande chake. Tumeoana miaka yote hii! Akacheka sana aliposikia habari ya ndege ya Mama Ngosa, mpaka akanishika mkono asianguke.

Tulifika wa mwisho. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanapita na vitabu vyao. Tukakaa kwenye nyasi kavu, tukanywa munkoyo wa Djo, kinywaji cha mahindi. Nilimtazama Gauthier akimmiminia mdogo wake. Nilikuwa na amani. Nimebadilika. Nimeyaona mambo kama yalivyo. Sitamwonea mtu wivu tena maishani mwangu. Naandika na kuweka sahihi: Désiré Mwenya.

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Bendera hadi kwenye pikipiki.

Gauthier amesafiri kufuata kontena jingine. Kundi la Jumamosi lilihitaji kiongozi. Nilikuwa tayari kukubali. Nilikuwa nimevaa hata filimbi shingoni. Jana wamemchagua Albertine. Kwa kauli moja! Abbé Précieux alipiga makofi. Watu wote walipiga makofi. Nilipiga na mimi, kwa muda unaotosha.

Nimefurahi kwa ajili yake. Kabisa. Ni mke wangu, na sukari imeshuka.

Ila leo baada ya misa alikuwa anawaeleza akina mama habari za mlima. Anaeleza vizuri, wanamsikiliza midomo wazi. Na amesema kwamba kilele kilipewa jina la Uhuru mwaka 1960. Elfu moja mia tisa sitini! Huo ni mwaka wetu sisi. Wenzetu wa Tanganyika walipata uhuru wao Desemba 1961, na ndipo kilele kikaitwa hivyo. Mtu anayeongoza watu anapaswa kujua jambo kama hilo. Nasema hivyo bila wivu wowote.

Sikumsahihisha pale. Nimejifunza kutulia.

Nitangoja Jumamosi, wakiwa wote wamekaa kwenye nyasi. Nitauliza kwa heshima kuhusu ule mwaka. Kesho nakwenda kuchapisha ramani ya mlima.